Nani Apimaye Kazi? Kutoka Moto wa Mhunzi wa Ugweno hadi Karakana ya Himo

  Weka kalamu na daftari karibu, kwani mwishoni mwa somo tutafanya hesabu ndogo.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mahali pa kazi. Twataka kujua jambo moja: tangu zamani, watu walipokusanyika kufanya kazi ya mikono, ni nani aliyesema kwamba kazi ya siku ni kiasi hiki? Na ni nani aliyekuwa na haki ya kusema, “Sasa yatosha”? Swali hilo laonekana dogo. Hata hivyo limeleta migomo na kutungiwa sheria, na mpaka leo karakana nyingi zafungwa kwa sababu hakuna aliyekaa chini akalijibu.

Tutaanzia Himo. Huko ndiko barabara zinapokutana: moja yatoka Moshi, moja yapanda Marangu na Rombo, moja yaenda Holili na Taveta, na moja yaelekea Same mpaka Tanga na Dar es Salaam. Kaskazini wauona mlima Kilimanjaro. Kusini waona milima ya Upare, na sehemu yake ya kaskazini ndiyo nchi ya Ugweno. Kila penye njia panda pana watu wa kuchomelea vyuma, maseremala na mafundi wa magari, na Himo ni hivyo hivyo. Basi, na tuone kazi ya chuma ilianzia wapi katika sehemu hizi.

MOTO MMOJA

Zamani, kabla ya chuma cha Ulaya kufika, Wachagga walipata chuma chao kutoka Ugweno. Wagweno waliokota mchanga wenye chuma mitoni baada ya mvua, wakauyeyusha kwa moto wa makaa uliopulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Chuma hicho kilibadilishwa kwa mifugo na vyakula. Wahunzi wa mlimani, kama wale wa Mamba, walikifua kuwa mikuki, majembe na visu.

Huko Ugweno kazi ya uhunzi ilikuwa mali ya ukoo wa Washana. Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye kitabu chake juu ya historia ya Wapare kilitoka mwaka 1969, alikusanya masimulizi ya wazee. Wazee hao walisema kwamba hapo kale Washana ndio waliokuwa watawala wa Ugweno, mpaka ukoo wa Wasuya ulipowapindua. Wakanyang'anywa utawala, lakini nyundo ilibaki mikononi mwao, maana hakuna mwingine aliyeijua kazi. Tazama basi: tangu enzi hizo, ajuaye kazi alikuwa na nguvu ambayo hata mtawala hakuweza kuichukua.

Sasa tuingie katika kiwanda cha mhunzi. Nasema “kiwanda,” kwani katika Kiswahili cha zamani kiwanda kilikuwa mahali popote fundi afanyapo kazi yake, hata chini ya mti. Na neno “karakana” limetoka katika Kiajemi, maana yake ni nyumba ya kazi. Katika nyumba hiyo mmoja alivuta mivukuto, mmoja alishika koleo, na mmoja alipiga nyundo. Kama mvuta mivukuto alichoka, moto ulipoa, na mpiga nyundo hakuwa na kazi hata angekuwa na nguvu za simba. Na kama vyuma vingi vilirundikwa motoni kwa pamoja, hakuna kilichoiva vizuri. Moto ndio uliosema, “Chuma hiki kwanza, kile kingoje.” Hakuna mtu aliyebishana na moto.

Na mlimani wakulima nao walikuwa na kipimo cha namna hiyo, yaani zamu. Mifereji ya maji ya Wachagga, iitwayo mifongo, ilichimbwa na kusafishwa kwa kazi ya pamoja. Asiyetokea kazini alitozwa faini, na maji yalikwenda kwa zamu. Kila mtu alijua siku yake na alijua siku ya jirani yake. Kipimo kilikuwa wazi kwa wote. Ulishike neno hilo, maana tutalirudia.

KIBARUA NA KIPANDE

Baadaye kazi ya kuajiriwa iliingia, na pamoja nayo ikaingia karatasi. Fikiri juu ya neno “kibarua.” Ni barua ndogo. Pwani, mtu wa kazi ya siku alipewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba siku hiyo amefanya kazi, na kwa karatasi hiyo alilipwa. Muda si muda watu wakasahau karatasi, wakamwita mtu mwenyewe kibarua. Ndivyo mtu alivyopata jina la karatasi yake.

Karatasi ya pili ni kipande. Mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani, wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo twaiita Lushoto, iliweka amri: kila mwanamume achukue kadi, naye afanye kazi kwa Mzungu siku thelathini katika kila miezi minne. Asiyefanya alipelekwa kazi za serikali. Namna hiyo ya kuhesabu siku kwa kadi ilienea katika mashamba ya mkonge, nayo iliendelea wakati wa Waingereza. Kila siku mtu alipomaliza ngwe yake, yaani kipimo alichopangiwa, nyapara alitia alama. Asipomaliza, siku hiyo haikuhesabiwa, hata kama jasho lilimtoka tangu alfajiri. Alama thelathini zilipotimia ndipo alipolipwa.

Sasa sikiliza matokeo yake. Kipimo kilikuwa cha upande mmoja. Mwenye shamba ndiye aliyekipanga, na nyapara ndiye aliyesema kimetimia au hakikutimia. Basi wafanya kazi nao wakakitumia kwa namna yao: leo mtu aja, kesho apumzika, kesho kutwa aenda kulima shamba lake. Ikawa mwenye shamba hana budi kuandikisha watu wengi kuliko aliowahitaji kwa siku, kwa kuwa hakujua asubuhi watatokea wangapi. Akalalamika kwamba watu ni wavivu. Lakini wewe jiulize: mtu aliyepangiwa kipimo bila kuulizwa, na asiye na neno juu ya hesabu yake, kwa nini aharakishe?

SAA MKONONI

Mwaka 1911 reli iliyotoka Tanga ilifika Moshi. Haikupita Himo, ilipita Kahe, upande wa chini. Reli ilileta karakana za namna mpya, zenye mashine na saa. Jua na moto havikutosha tena kuwa vipimo.

Mwaka huo huo wa 1911, huko Marekani, mhandisi mmoja jina lake Frederick Winslow Taylor alitoa kitabu juu ya namna ya kusimamia kazi. Taylor alisimama na saa karibu na mfanya kazi, akapima kila tendo: kuinama, kuinua, kutembea, kuweka chini. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mtu mmoja aliyekuwa akipakia chuma tani 12 na nusu kwa siku alifundishwa mpaka akapakia tani 47 na nusu. Malipo yake yalipanda kutoka dola 1 na senti 15 mpaka dola 1 na senti 85. Fanya hesabu. Kazi iliongezeka karibu mara nne, lakini malipo hayakufika hata mara mbili.

Tusimwonee Taylor. Alifundisha jambo la kweli, kwamba kazi yaweza kuchunguzwa, na kwamba mwendo mbaya humchosha mtu bure. Kosa lilikuwa lile lile la kipande: mwenye saa alikuwa upande mmoja tu. Mwezi wa Agosti 1911, katika kiwanda cha silaha cha Watertown, Marekani, wafinyanzi wa kalibu za chuma waliona mtu amekuja na saa kuwapima. Mwenzao mmoja alikataa kupimwa, akafukuzwa, na wenzake wakatoka kazini. Shauri lilifika mpaka Bungeni, na baada ya miaka michache Bunge likakataza fedha za serikali kutumika kwa kupima watu kwa saa katika viwanda vya jeshi.

Waona basi kwamba hili halikuwa jambo la Afrika peke yake. Mtu wa Watertown na mtu wa mkonge hawakujuana, lakini wote wawili walikataa jambo moja.

BAADA YA UHURU

Turudi nyumbani. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, wafanya kazi wa reli wa Tanganyika walifanya mgomo wa siku 82. Walidai malipo bora, na walidai Waafrika wapewe vyeo. Nchi ikajua kwamba wenye nyundo na spana hawatakubali tena kuhesabiwa kama mifuko.

Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964. Sheria hiyo iliweka kamati za wafanya kazi mahali pa kazi, ikaandika orodha ya makosa na adhabu zake. Mwajiri hakuweza tena kumfukuza mtu kwa sababu ameamka vibaya. Mwaka 1970 amri ya Rais ikaanzisha mabaraza ya wafanya kazi katika mashirika ya umma. Mwezi wa Februari 1971 chama cha TANU kikatoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kilikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu.

Wakubwa wengine walidhani hayo ni maneno ya mkutanoni tu. Wafanya kazi waliyachukua mpaka kiwandani. Katika miaka ya 1971 mpaka 1973 migomo ilitokea katika viwanda vingi, hasa Dar es Salaam. Sababu haikuwa mshahara peke yake. Mara nyingi watu walilalamikia matusi, upendeleo, na mkubwa asiyetaka kusikiliza. Serikali nayo haikupenda migomo, na wengine walipoteza kazi. Lakini funzo lilibaki: mtu aweza kuvumilia kazi ngumu, asichovumilia ni kudharauliwa katika kazi hiyo.

Siku hizi sheria inayotumika Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Iandike katika daftari, maana yamhusu hata mwenye karakana ndogo. Saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma, na siku za kazi zisizidi 6. Mtu akifanya kazi saa 5 mfululizo, apate mapumziko ya saa moja. Saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika majuma manne, na zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Hicho ni kipimo ambacho hakuna mwenye karakana awezaye kukipindua kwa kusema, “Hapa ni kwangu.”

KADI YA TATU

Tumesema juu ya kibarua na kipande. Kuna kadi ya tatu, nayo ilitoka Japani.

Katika kampuni ya Toyota alikuwapo mhandisi jina lake Taiichi Ohno. Mwaka 1950 kampuni hiyo ilikuwa karibu kufilisika. Watu walitaka kupunguzwa, mgomo mkubwa ukatokea, na mkuu wa kampuni akajiuzulu. Basi huko nako hakukuwa peponi. Ohno alichunguza kazi, akaona kwamba hasara kubwa haikutoka kwa watu wavivu. Ilitoka kwa vitu vilivyotengenezwa mapema mno, vikarundikana, vikangoja. Mwaka 1953, katika karakana ya mashine, alianza kutumia kadi iitwayo kanban. Kadi iliandikwa ni kitu gani kinachotakiwa na ni vingapi. Fundi wa hatua ya kwanza hakutengeneza kingine mpaka kadi irudi kutoka kwa fundi wa hatua ya pili. Kadi isiporudi, asilundike. Na mfanya kazi akiona kasoro, aliweza kuvuta kamba ili kazi yote isimame mpaka kasoro iondolewe.

Tofauti ya kadi hizo ni kubwa. Kipande kilimhesabu mtu, lakini kanban yaihesabu kazi. Kipande kilimwuliza mtu, “Umetoa kiasi gani?” Kanban yauliza, “Tumechukua kazi ngapi, na je, twaziweza?” Tena kanban huwekwa mahali pa wazi, mkubwa na mdogo waione. Mafundisho ya jamaa hii, yaitwayo kaizen, yalianza kufundishwa katika viwanda vya Tanzania kwa msaada wa Japani kuanzia mwaka 2013.

Lakini mhunzi wa Mamba angeisikia habari ya kanban, pengine angecheka. Moto wake ulikuwa umekwisha kumfundisha: chuma hiki kwanza, kile kingoje.

HESABU YA KARAKANA

Sasa shika kalamu. Tuseme wewe una karakana ya kuchomelea vyuma hapo Himo. Una mafundi watatu na vijana wawili wanaojifunza. Mwafanya mageti. Kwa juma moja mwamaliza mageti matatu, sivyo zaidi. Umekwisha kupokea kazi za mageti 12.

Swali la kwanza. Mteja mpya aja leo, anaomba geti lake Jumamosi. Utamjibuje? Gawanya 12 kwa 3, wapata 4. Kazi ulizo nazo zitakwisha baada ya majuma manne, na geti la mgeni litafuata hapo. Ukisema “Jumamosi, mama, usiwe na shaka,” umempa ahadi ambayo hesabu imekwisha kuivunja. Nawe wajua kwamba ahadi ni deni.

Swali la pili. Hayo mageti 12, je, uyaanze yote pamoja ili kila mteja akija aone chake kimeguswa? Wengi hufanya hivyo. Tazama matokeo. Ukiyaanza yote na kuyasukuma kidogo kidogo, yote yatakwisha karibu na juma la nne. Kila mteja angoja majuma manne. Lakini ukifanya matatu, ukamaliza, kisha matatu mengine, watu watatu watapata baada ya juma moja, watatu baada ya majuma mawili, watatu baada ya matatu, na watatu wa mwisho baada ya manne. Kwa wastani mteja angoja majuma mawili na nusu, na hata yule wa mwisho hakucheleweshwa. Mafundi hawakufanya kazi zaidi, bali kazi ilipangwa. Ndiyo maana wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka.

Tena kuna jambo la fedha. Mageti 12 yakianzwa pamoja, arbuni ya mteja huyu hununulia chuma cha yule. Mara vyuma vyapanda bei, na geti la mwisho halina fedha ya kulimalizia. Hapo mteja hurudi na mgambo, na jina la fundi huharibika sokoni. Watu husema fundi ni mwongo, kumbe alikosa kuhesabu tu.

Swali la tatu. Moto wako ni upi? Maana yake, ni mahali gani kazi zote hupita na kusubiri? Kama mashine ya kuchomelea ni moja, hiyo ndiyo moto wako. Kuongeza mkata vyuma hakutasaidia. Utaongeza rundo la vyuma vilivyokatwa. Afadhali uhakikishe mashine hiyo haikai bure wakati umeme upo, na mtu aijuaye vizuri asitumwe dukani kununua misumari. Na vijana wanaojifunza? Mpe kila mmoja zamu yake iliyoandikwa: juma hili kukata, juma lijalo kupiga msasa na kupaka rangi, kisha kuchomelea mbele ya fundi. Kijana anayefagia tu mwaka mzima hajifunzi kazi, ajifunza kuondoka.

Mwisho, weka ubao ukutani. Andika kazi zilizopokewa, zinazofanywa, na zilizokwisha. Kila Jumatatu asubuhi simameni mbele yake kwa muda wa dakika kumi, na wa kwanza kusema awe fundi, si wewe. Mwulize, “Ndugu, hii kazi yahitaji siku ngapi?” Akisema nne, nawe wataka mbili, zungumzeni mpaka mwafikiane; kisha andikeni. Kipimo kilichokubaliwa na pande mbili hakihitaji nyapara wa kukilinda.

MUHTASARI

Tumeona wahunzi wa Ugweno na wa mlimani, ambao kipimo chao kilikuwa moto. Tumeona kibarua na kipande, karatasi zilizomhesabu mtu, na saa ya Taylor iliyoshikwa na mkono mmoja. Tumeona sheria za mwaka 1964 na 2004, zilizompa mfanya kazi sauti na mpaka. Na tumeona kadi ya Ohno, inayohesabu kazi badala ya mtu. Katika habari hizo zote jambo ni lile lile: kipimo kikiwa siri ya mmoja, wengine watakikwepa, kikiwa wazi kwa wote, watakilinda.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Neno “kibarua” lilitoka wapi, nalo latufundisha nini juu ya kazi ya siku?
2. Kwa nini mwenye shamba la mkonge alihitaji kuandikisha watu wengi kuliko waliotokea kazini?
3. Kipande na kanban zote ni kadi. Zatofautianaje?
4. Seremala ana vitanda 20 vya kutengeneza, naye humaliza 4 kwa juma. Mteja mpya aambiwe kazi yake itaanza lini?
5. Katika karakana uijuayo, “moto mmoja” ni upi? Na ni nani apimaye kazi?